Mbuzi Mmoja kwa Kila Boma

Kampuni yetu haikuwa na bosi. Tuliambiwa hivyo siku ya kwanza, na aliyetuambia alikuwa bosi.

Alikuwa kijana wa hapa hapa Meru. Alisomea mambo ya kompyuta Nairobi, akarudi nyumbani na wazo la kuwapelekea wakulima habari za mvua, mbegu na magonjwa ya mifugo kupitia simu. Alitaka tumwite kwa jina lake la kwanza. Mimi nilikuwa na umri wa shangazi yake, na nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuja kwake. Hata mwalimu mkuu aliyekuwa mdogo kwangu sikuwahi kumwita kwa jina. Basi nilikaa miaka mitatu pale bila kumwita chochote. Nikimhitaji nilikohoa, au nilisimama karibu na meza yake mpaka anitazame. Mwenzetu wa mapokezi alimwita "daktari", ingawa hakuwa daktari wa kitu chochote, na yeye aliitika kwa upole kama aliyeshindwa kesi.

Sitaki kumsema vibaya. Mama yangu alipolazwa, alinipeleka hospitalini kwa gari lake na akakaa nasi kwenye benchi hadi jioni. Chai ya saa nne alituandalia mwenyewe, tena chai nzuri, si maji yaliyopakwa rangi. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alidhani akiondoa alama za ukubwa, ukubwa wenyewe utaondoka. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na chumba chake kilikuwa na mlango. Aliung'oa mlango huo ili tuingie kwake wakati wowote tukiwa na neno. Matokeo yake, hakuna aliyeingia tena, maana kila kilichosemwa mle kilisikika mpaka kwenye ngazi.

Na kila Jumatatu tulisimama kwenye duara, kwa sababu alisoma mahali kwamba watu wakikaa huongea sana. Alieleza mpango wa wiki, kisha akauliza, "Kuna mtu ana swali? Kuna mwenye maoni tofauti?" Alingoja kwa dhati kabisa, akituangalia mmoja mmoja. Tulinyamaza. Yeye alidhani kimya ni kukubali. Sisi tulilelewa kwamba humpingi mtu mbele ya watu katika nyumba yake. Ukiwa na neno, unamwendea baadaye, pembeni, tena afadhali umtume mtu wa kukusemea. Lakini pale kwetu pembeni hapakuwepo.

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha na kuwasimamia wakusanyaji, yaani wale vijana na akina mama waliopita boma kwa boma wakiwauliza wakulima maswali na kujaza majibu kwenye simu. Walikuwa Timau, Karurumo, Kiambere na kwingineko. Kila jioni fomu zao zilinifikia kwenye kompyuta, nami nilitakiwa kuzisoma na kubonyeza kitufe cha kijani kuzikubali. Wote waliniita mwalimu. Hilo sikulikataa.

Kati yao nilimpenda zaidi mama mmoja wa Kiambere. Nilimkuta Timau, kwenye mashamba ya maua, akifunga mashada ndani ya chumba baridi, vidole vimepasuka. Watoto wake wawili alikuwa amewaacha Kiambere kwa mama yake, na aliwaona mara mbili kwa mwaka, akibahatika. Aliandika vizuri, alijua kuzungumza na watu, na alijua lugha ya kwao. Nilimpeleka kwa kijana wetu mwenye kampuni, nikamwombea kazi. Akaajiriwa, akarudi kwao, akawa analala chini ya paa moja na watoto wake. Kila mara aliponipigia simu nilisikia wakigombana nyuma yake, naye akiwanyamazisha kwa raha ya mtu asiyetaka kabisa wanyamaze.

Sasa ndipo ilipokuja fomu ya mifugo.

Kulikuwa na wafadhili waliotaka kuleta chanjo ya mbuzi sehemu kavu za Mbeere, Kiambere ikiwemo. Walitaka kujua kila boma lina mbuzi wangapi. Kijana wetu alitueleza Jumatatu, kwenye duara. Fomu ilikuwa fupi: jina la boma, mbuzi wangapi, kondoo wangapi, kuku wangapi. Akauliza kama kuna mwenye swali.

Mimi nilikuwa na swali. Nyanya yangu alizaa watoto wengi, na ukimuuliza ni wangapi alikujibu kwamba Mungu amemsaidia. Ng'ombe wake aliwajua kwa majina na kwa rangi, na jioni aliona mara moja nani hajarudi, lakini kuwahesabu hakuwahesabu. Kuhesabu kilicho hai ni kukionyesha kwa mabaya. Watu wengi wa milimani siku hizi wameacha mambo hayo, lakini kule Kiambere nilijua yapo. Kila mtu aliyesimama kwenye duara lile alikuwa na nyanya. Tukaangalia viatu vyetu, mkutano ukaisha.

Siku ya tatu ya kazi, mama wa Kiambere alinipigia.

"Mwalimu, niko kwa boma ya mzee mmoja hapa. Hataki kuhesabu mbuzi."

"Umemuuliza vizuri?"

"Nimemuuliza mara tatu. Anasema ziko."

"Ziko ngapi?"

"Ziko tu. Mwalimu, wewe unajua hapa mbuzi hazihesabiwangi. Hata mimi naona haya kumuuliza. Na hii fomu haikubali kwenda mbele bila namba."

Siku hiyo nilikuwa natengeneza picha za kuwaonyesha wageni, na kijana wetu alikuwa ameniomba nizimalize kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa na haraka na hasira kidogo. Hasira ni jirani yangu wa siku zote, tunajuana. Nikamwambia, "Andika moja, twende mbele. Tutarekebisha baadaye."

"Moja?"

"Moja. Si unataka kwenda mbele?"

Akaandika moja. Nilimaanisha boma lile. Yeye, kama mtu yeyote mwenye akili, alielewa kwamba nimempa njia ya kupita penye ugumu huo, na kila boma lililomwambia "ziko" akaliandikia moja. Na karibu kila boma lilimwambia ziko. Jioni fomu zilinifikia, nami nikabonyeza kitufe cha kijani bila kuzifungua. Nilifanya hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Nasema haya polepole kwa sababu kwa muda mrefu niliyasema haraka.

Wafadhili walikuja. Kijana wetu akawawashia ramani ukutani, akawaonyesha eneo lote la Kiambere, ambako mbuzi hupita barabarani kama wenye nchi. Kila boma lilikuwa na mbuzi mmoja. Mgeni mmoja, mama mpole mwenye miwani, akauliza kama kulikuwa na ugonjwa uliowaua wale wengine. Kijana wetu alitabasamu, akasema ataangalia. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Jumatatu iliyofuata hakutueleza mpango wa wiki. Alisema kuna mtu alikaa kivulini akajaza fomu bila kufika kwa watu, na kwamba kampuni ikijulikana kwa hilo imekwisha. Hakupaza sauti. Ukutani nyuma yake yaliandikwa maneno ya kampuni, la kwanza likiwa kwamba tunasema ukweli hata ukituuma. Akaligusa kwa kidole, kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye msimamizi wake. Uliona hizi fomu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Sentensi moja ilitosha: mimi ndiye niliyemwambia. Nilifungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema, "Nitafuatilia."

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi. Najua jinsi mtoto anavyokaa akiwa amevunja kitu, jinsi anavyolegeza mabega ili asionekane. Nilijiona hivyo hivyo, nikiwa na mvi.

Wiki ile ilienda. Jumanne nilijiambia nitamwendea kijana wetu akiwa peke yake, lakini katika chumba kisicho na mlango hakuna mtu aliye peke yake. Jumatano nilimpigia mama wa Kiambere. Aliniambia ameitwa ofisini Alhamisi.

"Watanifuta, mwalimu?"

"Sijui."

"Nikifutwa nitarudi Timau. Hakuna kazi ingine hapa, unajua."

"Najua."

Aliningoja niseme zaidi. Kisha akasema, "Haya, mwalimu. Usijali," kama vile mimi ndiye niliyeitwa.

Alhamisi nilitumwa Timau kuwafundisha wakusanyaji wapya. Niliagizwa, sikujiagiza, lakini sitaficha kwamba nilifurahi. Upepo wa kule ulinipiga masikio siku nzima, nami nikauona kama msaada. Nilirudi ofisi imefungwa, kwa hiyo sikujua aliulizwa nini wala alijibu nini.

Ijumaa asubuhi tuliitwa kwenye duara. Kijana wetu alikuwa na karatasi mkononi. Akaanza, "Nimezungumza na mwenzetu wa Kiambere," na mimi nikaona watoto wawili wanaachiwa bibi yao tena. Nikakohoa. Nilipokohoa hakunitazama, akaendelea kusoma, na kwa mara ya kwanza nikamwita kwa jina lake. Kila mtu aligeuka.

"Ngoja kidogo," nikasema. "Ni mimi. Alinipigia simu akaniambia watu hawataki kuhesabu mbuzi wao. Mimi nikamwambia aandike moja. Alifika kwa kila boma. Fomu nilizikubali bila kuzisoma. Nilipaswa kusema Jumatatu nikaogopa."

Nilihisi wepesi mkubwa mwilini. Ukweli unapotoka baada ya kukaa sana hukufanya ujione mtu mzuri, hata kama umechelewa. Mwenzetu wa mapokezi alianza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Ilikuwa desturi ya ofisi, mtu akikiri kosa tunampigia makofi. Kijana wetu naye alipiga, lakini taratibu, karatasi ikiwa kwapani.

"Asante," aliniambia. "Hiyo haikuwa rahisi." Kisha akaitoa ile karatasi kwapani. "Alikupigia simu kabla ya kuandika?"

"Ndiyo."

"Una hakika?"

"Ni mimi nilipokea."

Akakunja ile karatasi mara mbili, akasema tuendelee na kazi.

Saa sita akaniita kwake. Nilikaa kwenye kiti nikitegemea adhabu yangu, na nilikuwa tayari kuipokea kwa heshima. Hakuzungumza kunihusu.

"Jana nilimuuliza mara mbili kama kuna mtu alimwambia aandike hivyo," alisema. "Akasema hakuna. Akasema ni kichwa chake mwenyewe, alikosea, na anaomba msamaha."

Niligeuka nikaangalia ngazi, kama vile bado angekuwa akishuka.

"Nilimwamini. Nikaona ni mtu mnyoofu. Hii niliyokuwa nasoma asubuhi ni barua ya onyo." Aliikunjua juu ya meza ili niione, ikiwa na sahihi yake chini. "Ilikuwa anabaki. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba anabaki."

"Basi mwache abaki."

"Alinidanganya uso kwa uso. Mara mbili."

"Alinikinga mimi."

"Najua alikukinga. Lakini kazi yake ni kwenda mahali nisipofika na kuniletea majibu. Kosa nimesamehe. Nikiletewa jibu lake sasa, nitajuaje kama ni la kweli?"

Hapo yule jirani yangu, hasira, akaingia bila kubisha hodi. Nilisimama, nikapaza sauti, na ofisi nzima ikasikia. Nikamwambia swali lenyewe lilikuwa bovu tangu mwanzo. Nikamwambia hakuna mtu mwenye adabu anayeingia bomani kwa mzee na kumdai idadi ya mbuzi wake. Nikamuuliza yeye ni mtoto wa wapi asiyejua hilo.

Aliniacha nimalize. "Nilijua," alisema. "Nyanya yangu alikuwa hivyo. Hata sisi wajukuu hakutaka tuhesabiwe. Nilijua hiyo fomu italeta shida."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niliuliza kama kuna mwenye maoni tofauti. Nilitumaini mmoja wenu atasema, ili niwaambie wafadhili kwamba wafanyakazi wamekataa." Akashusha macho. "Hamkusema."

Nilikaa tena. Kwa mara ya kwanza nilimwona jinsi alivyokuwa mdogo, na nilimwonea huruma, lakini haikunipunguzia hasira. Tulikuwa tumesimama duara moja, yeye na sisi, kila mmoja akimngoja mwenzake. Mama wa Kiambere hata kwenye duara hakuwepo.

Barua ya pili, ya kumfuta kazi, iliandikwa mchana huo. Mimi nilibaki na kazi yangu bila hata onyo, kwa kuwa nilikuwa nimesema ukweli. Swali la mbuzi likaondolewa kwenye fomu. Mahali pake pakawekwa swali la kama boma lina mbuzi wachache au wengi, jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angeweza kulishauri.

Jumamosi nilikwenda Kiambere. Sikutaka apate habari kwa simu kutoka kwa mtu mwingine, lakini nilipofika nilikuta ameshaipata. Kijana wetu alikuwa amempigia mwenyewe Ijumaa jioni, akazungumza naye kwa adabu. Hata hilo lilinikera, kwamba alifanya vizuri.

Mama wa Kiambere alinipokea kama mgeni wa heshima. Aliniwekea kiti penye kivuli cha nyumba, akaniletea ndengu na chapati, akaninawisha mikono. Mama yake alinisalimia kwa Kimbeere, akaingia ndani akatuacha. Mbuzi walikuwa wakitembea uani, na sikuwaangalia sana.

"Kwa nini hukunitaja?" nikamuuliza.

"Ningekutajaje, mwalimu? Wewe ndiye ulinitoa Timau."

"Ningefutwa mimi, ningejitegemea. Mimi sina watoto wadogo."

"Sikufikiria mambo ya nani akona watoto. Aliniuliza, nikajibu." Akapukuta unga mikononi. "Na alikuwa ashanisamehe. Alinipatia chai. Nilitoka pale nikijua ni sawa, nikanunulia watoto mandazi stendi."

"Mimi sikujua."

"Najua hukujua. Nilitaka nikupigie Alhamisi jioni nikuambie yameisha. Nikasema acha, mwalimu ametoka mbali, amechoka. Nitamwambia Ijumaa."

Nilitamani anikasirikie. Mimi ningemkasirikia, na ningejua pa kuanzia. Ningesema Jumatatu, angebaki. Ningenyamaza kabisa, angebaki. Nilichagua Ijumaa asubuhi, nikapigiwa makofi. Nilimwambia hayo yote, kwa mpangilio huo huo, naye akatikisa kichwa akikubali, kama anayesikiliza mtoto akisoma bila kukosea.

"Nitaacha kazi," nikasema. "Jumatatu naandika barua."

Hapo ndipo aliponitazama vibaya kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Uache kwa nini?"

"Siwezi kukaa pale."

"Mwalimu, mimi nilidanganya ndio ubaki. Sasa ukitoka nitakuwa nimedanganyia nini?" Hakupaza sauti. "Wewe kaa."

Nilitaka kubishana. Niliangalia sahani yangu. Ndani ya nyumba mtoto mmoja alikuwa akimshtaki mwenzake kwa bibi yao, na bibi akawatuliza wote wawili kwa neno moja.

"Ulikuwa Timau juzi," alisema baadaye, akikusanya vyombo. "Bado kuko na baridi vile?"

"Bado," nikasema.

Akamwita mtoto wake mkubwa, akamwambia alete kutoka sandukuni lile sweta jekundu alilovaa kule Timau, waone kama panya hawajalitafuna. Mtoto alilileta akiwa amelivaa, mikono imening'inia mpaka magotini, akicheka. Mama yake akamvua, akaligeuza nje ndani, akapitisha vidole polepole kwenye mishono yake yote. Lilikuwa zima.